Maji Yaliyopimwa kwa Ulimi

Mkaguzi wa maji wa mkoa wetu alikuwa akikagua maji kwa kuyanywa. Sisemi hivyo kwa dhihaka. Nilikuwa msaidizi wake, na siku kijiji kipya cha upande wa Ikungi kilipofunguliwa bomba nilisimama nyuma yake nikamwona akipokea kikombe cha bati kutoka kwa mwenyekiti wa kijiji, akakiinua juu ili kila mtu akione, akanywa mpaka tone la mwisho, akajifuta midomo kwa leso, kisha akatangaza kwamba Serikali imeyaonja maji na imeridhika. Wanaume walipiga makofi, wanawake vigelegele. Kabla ya chakula cha wageni kupakuliwa, muhuri ulikuwa umekwisha kugongwa, na tangu hapo, kwa mujibu wa sheria, maji yale yalikuwa salama.

Kaka yangu alikuwemo katika umati ule, pamoja na mkewe na binti yao wa kwanza, ambaye siku hizo alikuwa bado anatambaa. Yote ninayoyaandika hapa yanamhusu mtoto yule na miguu yake.

Kabla ya mwaka wa kuhamia vijijini, ukoo wetu ulikunywa maji ya mchangani. Mto wetu ni mto kwa jina tu. Hutiririka mvua zinapokuwa kali, kisha hukauka, na anayetaka maji huchimba shimo katika mchanga, hungoja yajikusanye, halafu huyachota kwa kata kidogo kidogo mpaka ndoo ijae. Ni kazi inayokula mgongo, na ilikuwa kazi ya wanawake. Halafu mgambo wakaja. Sitaki kusimulia jinsi tembe la marehemu baba lilivyobomolewa huku mtama ukiwa bado shambani. Wapo wengi waliopatwa na makubwa kuliko hayo. Nataka kusema tu kwamba katika yote waliyoahidiwa watu wale, shule, zahanati, duka la ushirika, kilichofika kwa wakati kilikuwa maji. Kisima kirefu kilichimbwa, mashine ya dizeli ikafungwa, tangi likainuliwa juu ya nguzo, na bomba likawekwa karibu na ofisi ya kijiji. Mtu asiyewahi kuinama mtoni tangu alfajiri hawezi kujua bomba lile lilikuwa na maana gani.

Watu wa kwetu nao walikuwa na ukaguzi wao. Mfugaji wa huku hayaamini maji mpaka ng'ombe ayaamini. Kwa hiyo siku ya pili wazee walimpeleka ng'ombe mmoja wa maziwa kwenye hori, wakasimama wakimtazama. Alikunywa, akainua kichwa, akapumua, akakirudisha kichwa majini na kunywa tena kana kwamba analamba chumvi. Wazee wakatazamana kwa kuridhika. Hakuna aliyejiuliza kwa nini ng'ombe, ambaye hupenda ardhi ya chumvi kuliko majani mabichi, awe ndiye mwamuzi wa maji ya mtoto.

Ukaguzi wa wanawake ulifanyika jikoni. Juma lile nilikwenda kuwasalimu, na wifi yangu hakunipa hata nafasi ya kukaa.

"Wifi, onja kwanza," alisema, akinisogezea bakuli la mlenda. "Sikutia magadi hata chembe. Umevutika wenyewe. Na maharage ya jana, sijamaliza kufagia uwanja, yameiva."

"Hilo ndilo linalonitia wasiwasi."

"Maharage kuiva?"

"Maji yanayoivisha namna hiyo yana magadi ndani yake. Na huku kwetu magadi mara nyingi hayaji peke yake. Huja na kitu kingine kinaitwa floridi."

Alinitazama, kisha akamtazama mtoto aliyekuwa akitambaa kuelekea kwenye kinu. "Wifi, huko Chuo Kikuu mlikuwa mnapika au mlikuwa mnapikiwa?"

"Tulikuwa tunapikiwa."

"Basi niachie jiko, wewe kaa na hiyo floridi yako."

Tulicheka wote wawili. Alikuwa mtu wa utani, na mimi nilikuwa ndio kwanza nimetoka Dar es Salaam na shahada ya kemia, nikiwa na imani kwamba jambo la kweli likishajulikana kazi yake imekwisha, linajitembelea lenyewe mpaka kwa wahusika.

Ukweli wenyewe si mgumu kueleza. Floridi ikiwa kidogo katika maji huimarisha meno. Ikizidi, huyatia madoa ya kahawia, yale ambayo mtu akitabasamu stendi ya basi popote nchini huulizwa, "Wewe wa Singida au wa Arusha?" Ikizidi sana, huacha meno na kwenda kwenye mifupa. Haina rangi, haina harufu, na ulimi hauwezi kuitambua. Huwakamata kwanza wale ambao mifupa yao ndiyo inajengwa. Maji ya mchangani, yanayotokana na mvua ya juzijuzi, huwa nayo kidogo. Maji ya chini kabisa, yaliyokaa na mawe kwa miaka isiyohesabika, yanaweza kuwa na chochote ambacho mawe yameyapa. Ndiyo sababu sheria iliweka mkaguzi katikati ya kisima na watu. Sheria haikuwa na kasoro. Ilimtaka mtu anayejua, ikapewa mtu anayeaminika.

Nitamtendea haki mkubwa wangu yule. Hakuwa mwizi, angekuwa mwizi ingekuwa rahisi kumchukia. Nilimwona akirudisha jogoo aliyepewa na kijiji fulani, akiwaambia wazee waliokasirika kwamba mkaguzi akila kuku wa mtu hawezi tena kukagua maji yake. Zamani alikuwa karani, akaiacha kazi ya Mwingereza ili azunguke kwa baiskeli kuandikisha wanachama wakati kadi ya Chama ilikuwa kitu cha kufichwa. Alilala rumande kwa ajili hiyo. Uhuru ulipokuja na mtaalamu wa kizungu akafungasha, alipewa ofisi ile kama mtu anavyopewa nishani. Wala hakuiomba. Lakini alipokwisha kupewa hakuwahi kufikiri kwamba ofisi ile ilikuwa na ujuzi wake, sawa na ujuzi wa fundi cherehani au mkunga, na kwamba usafi wa moyo haushoni suruali.

Mzungu aliacha kasha la mbao lenye chupa za dawa za kupimia. Nyingi zilikuwa zimekauka. Moja, dawa nyekundu ya kupimia floridi, ilikuwa na kiasi kidogo kilichobaki. Ukiitia katika maji yenye floridi nyingi, wekundu hupauka na kugeuka manjano. Nilichota maji ya kisima kile, nikachukua na maji ya mvua kwa ajili ya kulinganisha, nikatumia matone ya mwisho ya dawa ile, nikaiweka mirija miwili ya kioo juu ya meza ya mkaguzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Umeniletea juisi?"

"Huu mrija ni maji ya mvua. Huu ni maji ya kisima tulichofungua."

Akavaa miwani, akainama. "Huu mwekundu, huu wa njano."

"Wa njano ndio wenye hatari."

"Mimi ningeogopa huu mwekundu," alisema, tena kwa dhati kabisa.

"Wekundu ni wa dawa yangu, mzee. Floridi imeula."

"Kiasi gani?"

"Dawa ni kuukuu, siwezi kukupa kiasi kamili. Ila ni nyingi, inatosha kufunga kisima mpaka kipimo cha Dar es Salaam kitoke."

"Kufunga." Alivua miwani. "Unajua watu wale tumewatoa wapi? Tumewavunjia nyumba. Tumewaambia, njooni, kuna maji. Leo niende nikawaambie maji yamekuwa ya njano kwenye kichupa cha binti mmoja?"

"Waambie ni kwa muda."

"Sheria inasema maji yawe safi na salama. Nionyeshe uchafu."

"Hauonekani."

"Basi unataka nifunge kisima cha Serikali kwa kitu kisichoonekana. Binti yangu, huo si ukaguzi. Huo ni uganga."

Neno lake lilikuwa na haki yake. Kwa mtu asiyejua kemia, kuna tofauti gani kati ya mrija wangu na bakuli la mpiga ramli? Vyote viwili vinaonyesha rangi, na vyote viwili vinamtaka mtu amwamini anayesoma rangi hiyo. Tofauti ipo katika njia iliyotumika kuifikia, na njia hiyo ndiyo ambayo mkaguzi alipaswa kuijua kabla ya kupewa kiti. Huwezi kumfundisha mtu kemia wakati kalamu yake iko tayari juu ya karatasi.

Hata hivyo alikuwa muungwana. Alikubali sampuli ipelekwe Dar es Salaam, kwenye maabara yenye watu na dawa. Niliomba niipeleke mwenyewe. Alikataa, posho ilikuwa ya dereva peke yake, ambaye tayari alikuwa na safari ya kufuata vipuri. Nilijaza kidumu cha plastiki, nikaufunga mfuniko kwa plasta ya hospitali kwa kuwa ofisi haikuwa na lakiri, nikamwambia dereva asifungue.

Dereva alirudi baada ya majuma, na majibu yakamfuata kwa posta. Floridi ilikuwa kiasi cha kawaida. Maji yanafaa kwa matumizi ya binadamu.

Niliyasoma mara nyingi. Nilifikia mahali pa kudhani kwamba macho yangu yalinidanganya, kwamba dawa ilikuwa imeoza, kwamba labda kweli nilikuwa mganga. Nilitembea na fedheha ile kwa siku kadhaa, na sehemu ya moyo wangu ilikuwa na furaha, maana kama nimekosea basi mtoto yuko salama. Halafu nikamkuta dereva akiosha Landrova nyuma ya ofisi, nikamshukuru kwa kuutunza mzigo wangu.

"Ulinitesa, dada," alisema akicheka. "Kile kidumu chako kilikuwa kinavuja njia nzima. Kufika Morogoro nikaangalia, yamebaki kama ya kulambwa na paka."

"Ukafanyaje?"

"Nikajaza."

"Ukajaza nini?"

"Maji, dada. Si uliniambia ni maji? Pale penye bomba la kituo cha mafuta, maji safi kabisa. Nilikisuuza kwanza, maana kilikuwa na mchanga."

Nilishikilia mlango wa gari. "Nilikuambia usifungue."

"Sikufungua mimi. Kilijifungua chenyewe." Akaona uso wangu, akaacha kucheka. "Sasa nimkabidhi mtu mzima kidumu kitupu? Angesema nini? Angesema watu wa Singida wametuma mtu akanywa njiani."

Nilimwelewa vizuri mno. Kwetu, mtu anayetumwa na kibuyu cha maziwa au cha asali hafiki nacho kikiwa pungufu. Chombo pungufu ni tusi kwa anayepokea na doa kwa aliyebeba. Afadhali upite kwa shangazi yako ujazie kuliko kufika na kibuyu kinachocheza. Dereva alikuwa amelelewa vema. Alilinda heshima yangu, ya ofisi na ya mkoa mzima, na kwa malezi yake mema akaipelekea maabara maji ya Morogoro. Hapakuwa na mtu katika ofisi yetu aliyewahi kumweleza dereva sampuli ni kitu gani, kwa kuwa mwenye wajibu wa kumweleza naye hakujua.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mkaguzi.

"Mzee, maji yaliyopimwa si ya kisima chetu."

"Ni ya wapi?"

"Ya Morogoro."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaegemea kiti. "Morogoro si Tanzania?"

"Ni Tanzania, mzee."

"Basi maji ya Tanzania yamepimwa, yanafaa."

Nilidhani anatania. Kwa nusu alikuwa anatania. Nusu ya pili ilikuwa imechoka, na ilikuwa imekwisha kuiweka karatasi ya majibu katika faili. Niliomba sampuli nyingine. Alisema kupima mara mbili ni kumwambia mkubwa wa Dar es Salaam kwamba ofisi yetu haijui kazi.

"Mzee, si ndiyo hivyo?" nilimuuliza.

Hilo halikusamehewa.

Nimeishi miaka mingi na hasira yangu juu ya chumba kile, na nimejaribu kuwa mwadilifu kwake. Najua kwa nini wakubwa wa wakati ule waliwatilia shaka wataalamu. Mtaalamu wa kwanza ambaye baba zetu walimjua alikuwa bwana wa kikoloni aliyewaamuru wapunguze ng'ombe na kuwatoza faini wasipochimba matuta, na kila walipouliza sababu waliambiwa ni ya kitaalamu, hawataielewa. Utaalamu uliingia kwetu ukiwa umeshika kiboko. Kwa hiyo Uhuru ulipokuja, mtu mwenye elimu alitakiwa kwanza athibitishe kwamba yuko upande wa wananchi, na hilo lilikuwa haki. Lakini baada ya uthibitisho huo kupatikana hapakuwa na hatua ya pili. Uaminifu uliinuliwa ukawekwa mahali pa ujuzi, na aliyeuliza swali la ujuzi akaonekana ameuliza swali la uaminifu. Tulimfukuza mwenye kiboko, tukasahau kwamba kipimo nacho alikuwa amekishika yeye.

Kwa kuwa ofisi ilikuwa imefungwa kwangu, nilikwenda kwa kaka. Nilimwambia yeye na wifi kwamba kwa ng'ombe na kwa kufulia watumie bomba, lakini maji ya mtoto wayafuate mtoni, mchangani. Wifi aliniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Hakutania siku ile. Kesho yake alibeba ndoo akaenda, na akaendelea kwenda kiangazi kizima, mwendo wa nusu asubuhi, akiwapita wenzake waliokuwa wakijaza ndoo zao bombani huku wakimwimba.

"Mke wa fulani, bomba limekuuma?"

"Mwacheni, wifi yake msomi. Atakunywa maji ya Ulaya."

Angevumilia maneno. Kilichomvunja ni balozi wa nyumba kumi, aliyekuja jioni moja kumuuliza kaka kwa nini mkewe anarudi kwenye mahame, kule walikohamishwa. Kurudi mahame kulikuwa na jina siku hizo. Aliyerudi alikuwa anapinga kijiji. Kaka alieleza habari ya floridi. Balozi akamuuliza kama mkaguzi wa Serikali ameyapitisha maji au hajayapitisha. Kaka akasema ameyapitisha. "Basi anayesema vinginevyo anasema dhidi ya Serikali," balozi alisema, na akaongeza kwa upole kwamba debe la mbegu za ushirika hugawiwa kwa wenye ushirikiano.

Nilipokwenda tena, wifi alinipokea mlangoni. "Wifi, umeniletea kesi," alisema. Ndani, mtoto alikuwa amesimama, ameshikilia kiti, anajifunza hatua, na pembeni ya kiti palikuwa na kikombe cha maji ya bomba.

Barua ya uhamisho wangu ilikuja kabla ya mvua. Nafasi yangu ilichukuliwa na kijana kutoka Chama, mchangamfu, mwenye sauti nzuri ya kuongoza nyimbo. Nami nilipangiwa kufundisha kemia sekondari, mkoani Morogoro. Nilikwenda kunywa maji yaliyokuwa yamepimwa.

Safari ya kurudi haikuwa rahisi kwa mshahara wa mwalimu, na mwanzoni nilipewa habari kwa salamu tu: mtoto anaendelea vizuri, mtoto anasumbuliwa na miguu, mtoto amepelekwa kwa mtaalamu wa mitishamba huko Mgori, mtoto anaendelea. Nilipomwona mwenyewe alikuwa na umri wa kukimbia, na hakuwa akikimbia. Magoti yake yaligusana na nyayo zikaenda kila moja upande wake, hivi kwamba akitembea mwili wote uliyumba kulia na kushoto. Alinijia uwanjani kwa mwendo ule, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo shangazi," na alipotabasamu niliona meno yake mapya yakiwa yametoka na rangi ya udongo. Hakuwa peke yake. Walikuwa wengi wa rika lake. Walichezea kivulini michezo ya kukaa.

Maelezo yalikuwepo ya kutosha. Wengine walisema watoto walisimamishwa mapema. Wengine walisema mahali pale pa kijiji palikuwa na makaburi ya zamani. Mwanamke mmoja alikuwa ameachwa na mumewe, kwa madai kwamba ugonjwa unatoka kwao. Mkaguzi mwenyewe, aliyekuwa amestaafu, alikuwa amejenga pale pale kijijini ili awe mfano, na kila siku alikunywa maji aliyoyapitisha. Nilikwenda kumsalimu. Shingo yake ilikuwa imekakamaa. Ili anitazame ilimbidi ageuze mabega yote. "Uzee, binti," alisema. Huenda ulikuwa uzee kweli. Hakuna aliyepima.

Kisha likatokea jambo ambalo bado naona aibu kulieleza mbele ya wanafunzi wangu ninapowafundisha thamani ya sayansi. Mashine ya dizeli ilikufa. Kwanza ilikosa mafuta, halafu ikakosa kifaa fulani ambacho nchi haikuwa na fedha za kigeni za kukiagiza. Fundi alikuja, akatazama, akaondoka. Bomba likakauka, na wanawake wakachukua ndoo zao, wakirejea mtoni huku wakiilaani Serikali, wakachimba mchanga. Balozi naye alimtuma mkewe. Hapakuwa tena na aliyetaja mahame.

Mwaka uliofuata wifi alijifungua mtoto wa kiume. Nilikuja likizo mtoto huyo akiwa na umri ambao dada yake alianza kupinda, na nikamkuta akiwakimbiza kuku uwanjani kwa miguu miwili iliyonyooka kama mti wa mchi. Hakuwa peke yake naye. Waliozaliwa baada ya mashine kufa walikimbia wote. Kile ambacho kemia yangu haikuweza kukifanya kilifanywa na umaskini, bila mkutano na bila muhuri.

Wifi aliona nilichokuwa nakitazama. Tulikuwa tumekaa kwenye mkeka, tunachambua uwele.

"Kwa hiyo ni maji."

"Ndiyo, wifi."

"Uliniambia."

"Nilikuambia."

"Na yeye aliniambia." Alielekeza kidevu upande wa nyumba ya mkaguzi. "Wewe uliniambia jikoni kwangu, yeye aliniambia mbele ya watu wote, tena akanywa. Wewe ulikuwa na maneno, yeye alikuwa na muhuri. Ungekuwa mimi ungemsikiliza nani?"

Ni swali ambalo halikuwa lake kuuliza wala langu kujibu. Lilikuwa la wale waliomkabidhi muhuri yule mtu mwema.

Nilimpeleka binti hospitali. Daktari alimtembeza chumbani, akaitazama picha ya mifupa, akasema mifupa ya miguu ile inaweza kukatwa na kunyooshwa, si sasa, bali atakapokuwa amekua zaidi, na kwa sharti moja: katika miaka yote ya kungoja na baada ya hapo asiyanywe tena maji yale. Nilisema hakuna shaka, kisima kimekufa. Daktari akaniambia visima hufufuka. Kwa hiyo tulikubaliana mimi na kaka kwamba binti nitamchukua, aishi kwangu Morogoro, asome huko na angoje huko. Wifi aliridhia bila neno, akamfungia nguo zake katika kitenge.

Siku ya kuondoka tulisimama kando ya barabara ya Dodoma kungoja basi, sisi watu wazima, binti akiwa ameketi juu ya furushi lake, na mdogo wake mgongoni kwa mama. Lililotangulia kufika halikuwa basi. Ni lori la Serikali, na nyuma yake, imefungwa kwa kamba na kufunikwa turubai nusu, palikuwa na mashine mpya ya maji. Wafadhili walikuwa wameitoa. Lori lilipokata kona kuingia kijijini tulisikia vigelegele vikianza nyumba za mwanzo na kupokewa na nyumba zilizofuata, mpaka kijiji kizima kikawa kinaimba. Nilimuuliza utingo, aliyekuwa ameshuka kumwelekeza dereva kwenye kona, kama maji yatapimwa kabla ya mashine kuwashwa.

"Yalishapimwa zamani, mama," alisema. "Karatasi zipo."

Basi letu lilitokea mlimani. Binti alisimama kwa kuyumba, akamuaga mama yake kwa mara ya mwisho, na wifi akambusu kichwani, akamsaidia kupanda ngazi, mguu mmoja halafu mwingine. Kisha akarudi nyuma hatua moja. Alitazama upande wa vigelegele. Akamzungusha mtoto kutoka mgongoni, akamweka kifuani, akaishika miguu yake midogo kwa mikono yote miwili.

"Na huyu, wifi," alisema, "utakuja kumchukua lini?"

Kondakta aligonga ubavu wa basi, tukaondoka.